Kanisa Lisilo na Pembe

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ninyi nyote mlioacha vibanja vyenu vya migomba kuja kumsindikiza dada yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Protase, mdogo wake, familia imenituma nisome maisha yake, ingawa yeye mwenyewe angeomba atumwe mwingine, maana alikuwa akisema nikishika maneno hata chai inapoa.

Edvina Kokuberwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa kijijini Rwamugasha, Muleba, mtoto wa kwanza wa Katekista Anatory Rutaihwa na marehemu mama Agnetha, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akalelewa zaidi na babu yetu, mzee Rugambwa, ndani ya nyumba ya msonge iliyokuwa nyuma ya migomba, nyumba ya matete na nyasi aliyoisuka babu mwenyewe kwa fundo lake, ambamo ukilala chali unaona duara ndani ya duara mpaka kileleni. Babu alifariki mwaka 1978, naye baba, kwa kuwa mle ndani babu alikuwa akitambikia mizimu, aliubomoa msonge mwaka uliofuata akajenga nyumba ya tofali na mabati. Edvina alilia, akagoma kula, jamani, hata senene alikataa, na anayemjua Edvina na senene anaelewa huo ulikuwa msiba wa namna gani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mjini Bukoba, kisha akasomea usanifu wa majengo Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1995, na mwaka uliofuata akapata nafasi ya masomo Hamburg, Ujerumani. Huko alikuta majengo ya zamani ya mtindo uitwao ekspreshonisti, ambao wasanifu wake walitaka umbo la jengo liseme hisia za mtu, tofali likipindwa, kona ikilainishwa, kioo kikipewa rangi ili mwanga nao uwe kifaa cha ujenzi. Aliporudi alituambia kwamba Wazungu wale walihangaika sana kutafuta kitu ambacho babu alikuwa nacho nyuma ya migomba.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, Mwalimu Avit Byabato, wakajaliwa watoto wawili, Kamala na Judica, na mwaka 1999 akafungua ofisi yake mtaa wa Bakoba, pale pale mjini Bukoba, akachora shule, zahanati na nyumba za watu, zote za pembe nne, akisema hizo ni za kutafutia ugali.

Mwaka 2011 kigango chetu kilimwomba achore kanisa, naye akachora hili tulimo. Lo! Kamati iliuliza pembe ziko wapi, fundi mkuu akageuza karatasi huku na huku, vijana wakaliita kichuguu, lakini Edvina hakutetereka. Ukuta huu unaojikunja aliujenga kwa tofali zilizochomwa hapa hapa bondeni, hivi vioo vya kijani na kahawia vinavyotupaka rangi usoni ni chupa za bia alizoletewa kwa boti kutoka kambi za wavuvi kisiwani Goziba, na kwa ajili ya paa aliwaita wazee wa Rubafu, ambao bado wanajua kusuka msonge, wasuke matete wakianzia kileleni, kwa fundo la babu alilolikumbuka tangu utotoni, kisha zege likamwagwa juu yake, matete yakaondolewa, alama za mafundo zikabaki.

Kanisa lilibarikiwa tarehe 17 Agosti 2014, na baba hakuingia. Alisema hakuuacha msonge wa mizimu ili aje kusali ndani ya mwingine, tena wenye chupa za bia, akaweka kigoda chake nje ya dirisha, akasikiliza Misa kutoka pale kila Jumapili, mvua au jua. Edvina ilimuuma, nami niliona, lakini hakubishana na baba hata siku moja. Alirudi na mafundi, akalishusha lile dirisha mpaka mtu aliyeketi nje aione altare, akarefusha upenu upande ule mvua isimfikie mzee, na alipoulizwa sababu alisema ni mambo ya kitaalamu.

Mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Bukoba na Mwanza, akaivumilia kwa utani wake ule ule, na Jumanne tarehe 3 Juni 2025 alfajiri akatutoka, akiwa ameniomba jambo moja tu, nisimlazimishe baba kuingia humu.

Ndugu zangu, hapa kwenye karatasi niliandika kwamba baba anafuatilia ibada akiwa nje. Naomba nikosee kusoma. Mmeona wenyewe asubuhi hii, jeneza lilipopita mlangoni baba aliinuka kwenye kigoda, akavua kofia, akalifuata akipapasa ukuta, na alipofika katikati akainua macho kwenye paa, akayatazama mafundo yale kwa muda mrefu, akasema, "Tata." Baba yangu, mwenye miaka themanini na saba, alimwita baba yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa Bakoba, mafundi, wazee wa Rubafu, na wavuvi wa Goziba, ambao leo wamekuja kwa boti bila chupa hata moja.

Edvina, dada yangu, sikumlazimisha. Ameketi benchi la mbele, karibu na kichwa chako, na kile kigoda bado kiko nje, hakuna mtu juu yake. Pumzika kwa amani.