Kichwa cha Sangala cha Kila Jumapili

Wazee wetu, jamaa, majirani wa Nyamianda na ninyi mliotoka mbali: mimi ni Sabine, kitindamimba wa marehemu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari. Mama amenituma nisome maisha ya baba yetu. Ameniomba nisilie katikati, na amesema mkicheka si dhambi.

Evariste Kashindi alizaliwa Makobola tarehe 12 Agosti 1919, mtoto wa nne wa mvuvi Modeste Kashindi na Mama Inamahoro. Wanasema alipokuwa mdogo alipasua kila samaki aliyeletwa nyumbani ili aone ndani kuna nini, hata bibi akaanza kuficha visu.

Alisoma kwa wamisionari hapa Uvira, kisha akapelekwa Léopoldville kusomea kazi ya msaidizi wa daktari. Diploma yake aliipata Julai 1942, akarudi kutumika katika laboratwari ya hospitali, akipima damu za watu kutwa nzima.

Mwaka 1957 aliletewa mtoto wa Luberizi mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Kabla dawa haijafika, uvimbe ulianza kupungua, ukaisha wenyewe. Wengine walimshukuru Mungu wakarudi kazini. Baba alimshukuru Mungu, kisha akauliza: nani ndani ya ule mwili ameufukuza? Swali hilo hakuliacha tena. Mimi alinieleza kwamba damu ina askari wake, nao wanajua kukamata wageni. Lakini kansa si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika, anapita mbele ya askari huku akiwasalimia kwa jina.

Nikamwuliza, "Sasa ule mutoto wa Luberizi, askari wake walimutambua namna gani?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Minye nikijua, nitakuambia weye wa kwanza."

Uhuru ulipofika mwaka 1960, madaktari Wazungu waliondoka, mikroskopi ikabaki. Baba aliwakusanya vijana watatu waliotaka kuchunguza uvimbe na kinga ya mwili: Bonaventure wa hapa Nyamianda, muuguzi Capitoline, na Ezechiel Gakwaya, aliyeshuka kutoka kwa wafugaji wa milimani. Wote walimwita Papa Evariste.

Kazi hiyo siwezi kuieleza bila Mama. Baba alifunga ndoa na Léocadie tarehe 3 Juni 1944, na malezi ya vijana hawa yalifanyika mezani kwake, kila Jumapili baada ya misa, kwa bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani, sangala. Sheria ilikuwa moja: kabla ya kula, kila mtu aseme alichoshindwa wiki hiyo. Aliyeshindwa vikubwa zaidi, na kueleza vizuri kwa nini, alipewa kichwa cha samaki.

"Papa, minye sikushindwa kitu," Capitoline alisema Jumapili ya kwanza.

"Basi haukutumika kazi wiki hii," baba akamjibu.

Bonaventure alipenda kichwa kupita kiasi. Siku moja alisimama akiwa na uso wa msiba. "Papa, vioo vyangu vyote vya mikroskopi vimeanguka, vimevunjika!"

"Muongo weye!" Capitoline akaruka. "Jana jioni nimeviosha minye, viko vizima!"

Baba aliweka kijiko chini. "Nimeona watu wakidanganya kwamba wamefaulu. Kudanganya kwamba umeshindwa, hiyo ni mpya." Mama akampa Bonaventure mkia.

Mezani hapo ndipo alipowapa mashauri. Usifuate mkubwa kwa sababu ya jina lake, mfuate anayekubali umwambie amekosea. Mama wa mgonjwa akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui, kisha ukae naye. Capitoline alikuwa akitetemeka mbele ya madaktari, kwa hiyo baba alimtaka aeleze kila kazi yake kwa Mama kwanza. Leo laboratwari inaongozwa na yeye, na anasema maswali ya Mama yalikuwa makali kuliko ya madaktari.

Ezechiel ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote. Tatizo ni kwamba kwao samaki haliwi. Mara ya kwanza alipokishinda kichwa, alikitazama, kichwa nacho kikamtazama. Akamsogezea Bonaventure sahani, na ikawa hivyo kila mara.

Mei 1964 uasi ulipoingia Uvira, tulikimbilia milimani kwa wazazi wa Ezechiel. Walitupokea kama damu yao, na kila asubuhi walitunywesha maziwa. Baba, mtoto wa mvuvi, aliwaogopa ng'ombe kuliko bunduki. Tuliporudi mwisho wa mwaka, laboratwari ilikuwa imevunjwa. Vioo vya Ezechiel vyenye vipande vya uvimbe, kazi ya miaka mitatu, vilikuwa vumbi sakafuni.

"Papa, minye narudia ng'ombe," akasema. "Ng'ombe haivunjike."

"Vioo vimevunjika. Na swali, liko wapi?"

Ezechiel alifunga mzigo wake. Alipanda mlima. Tangu hapo, kila Jumapili baba aliweka kichwa cha sangala kando mpaka jioni.

"Papa, kinapoa," Bonaventure alilalamika.

"Kiache kipoe. Mwenyewe atakuja."

Septemba 1968 baba alianza kuumwa tumbo. Ulikuwa uvimbe wa ini, na alijua jina lake kabla ya kuambiwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu chuo kikuu cha Kinshasa kilikubali kumpokea mmoja wa vijana wake asomee kinga ya mwili. Baba aliandika jina la Ezechiel bila kumwuliza, kisha akatuma habari milimani. Akawa anangoja.

Jumapili iliyopita, Ezechiel aliingia na kibuyu cha maziwa. Baba aliwauliza wote walichoshindwa, kisha akasema, "Sasa minye. Askari wangu wameshindwa. Nani iko na kubwa kuliko hiyo?"

Mama akamwekea kichwa. Baba hakuweza kula tena, akamsogezea Ezechiel.

"Papa, kwetu…"

"Kwenu nakujua. Maziwa yenu ilinikimbiza musituni na tumbo kila asubuhi. Nilisema kitu?"

Ezechiel alichomoa jicho la sangala, akafumba macho yake, akameza.

"Iko namna gani?" baba akauliza.

"Mubaya sana, Papa." Akajifuta mdomo. "Lakini swali niko nalo. Nitaenda."

Baba alicheka sana, hata Mama akaogopa atajiumiza. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Februari 1969, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama.

Ameacha mjane, Mama Léocadie, watoto Déogratias, Abigaïl na Sabine, wajukuu wawili, dada yake wa Makobola, na Bonaventure, Capitoline na Ezechiel, ambao Mama ameagiza wahesabiwe pamoja na watoto. Ezechiel anasafiri Jumatatu.

Kesho ni Jumapili na sangala atakuwepo. Atakayekuja, aje na alichoshindwa.

Mungu ampe baba yetu pumziko lenye amani, na ampe pia jibu la mtoto wa Luberizi. Akilipata, aliniahidi kuniambia mimi wa kwanza.