Mtu wa Kuhmo Aliyepona

Meza ya dirishani katika kituo cha mafuta cha barabara ya kutokea mji mdogo wa Sotkamo haijaandikwa jina la mtu, ila mgeni akithubutu kuikalia asubuhi ataangaliwa mpaka kahawa imkwame kooni. Ni kijiwe cha wastaafu. Ensio, aliyewahi kufundisha udereva na sasa anafundisha kila kitu, anaitwa Profesa. Kauko alilinda mpaka wa Urusi mpaka akastaafu. Yeye ni Forodha, na hadi leo humkagua kwa macho hata mtoto anayenunua aiskrimu. Oiva aliendesha malori ya magogo, wakambatiza Breki kwa sababu haropoki. Asubuhi hiyo ya Novemba nje bado kulikuwa giza, theluji imechanganyika na mvua, na Breki alikuwa amekuja na jambo lake moyoni. Alitaka kusikia mtu akisema kwamba pakuri inafanya kazi.

Pakuri ni ile nundu nyeusi kama mkaa inayoota ubavuni mwa miti ya magome meupe. Wakati wa vita watu waliichemsha kwa kukosa kahawa. Sasa ilikuwa imerudi kwa kishindo, imesagwa, imetiwa kwenye pakiti zenye picha ya msitu, na Breki alikuwa akiinywa tangu majani yaanze kupukutika. Kilichomkalia rohoni ni vile vidonge vya kuzuia damu isigande, alivyopewa kituo cha afya kwa ajili ya moyo wake unaodunda ovyo. Alikuwa ameviacha, na hakumwambia mtu.

— Inasafisha damu hiyo! — alisema Profesa, akimega andazi lake la iliki. — Kuna wanasayansi wameimwagia seli za saratani. Zote chali!

— Wameimwagia wapi? Ndani ya mtu? — aliuliza Forodha.

— Kwenye kisahani. Maabara.

— Kwenye kisahani hata sabuni ya vyombo inaua. Mbona huinywi?

— Wewe umezoea kupekua mabegi ya watu. Hii ni sayansi.

— Sayansi ya shemeji yako. Si ndiye anayeuza?

— Shemeji anasaidia watu! — Profesa alipandisha sauti. — Hebu jiulize, Forodha, kwa nini vidonge vya presha havimalizi presha? Unameza mpaka unazikwa. Wakikuponya, wao watakula wapi?

Hapo Forodha akaacha kubisha. Alikuwa mtu wa kushuku, na mtu wa kushuku ukimpa jambo jipya la kushuku umemshika.

— Hapo umenena, — alisema, akiinamia meza. — Juzi nimeona gari nyuma ya ziwa. Halina maandishi. Wanaume wawili wanapima miti. Mnadhani walikuwa wanapima nini?

— Nini? — aliuliza Breki.

— Wananunua misitu yenye pakuri waifyeke yote. Sisi tubaki na vidonge vyao.

— Na ile mashine ya kupimia presha! — Profesa akadakia. — Nani kaitengeneza? Haohao! Imetegeshwa isome juu.

— Imetegeshwa. Yangu ya nyumbani kila nikijipima inasoma kivyake.

— Halafu dubu. Dubu anajisugua kwenye miti ile kila siku. Ushawahi kumwona dubu ana presha?

— Nani kampima?

— Si ndiyo maana nakwambia hana!

Walicheka, lakini Breki hakucheka. Alikuwa akiusugua mkono wake wa kushoto chini ya meza. Alfajiri ile, akitaka kufungua gari, vidole vilikataa kushika na funguo zikaanguka kwenye theluji. Baadaye vilirudi. Alijiambia ni baridi.

— Lakini yupo aliyepona? — aliuliza. — Mtu, jamani. Siyo kisahani wala dubu.

— Wapo kibao! — alisema Profesa. — Mtu wa Kuhmo hujamsikia? Moyo umechoka, figo zimechoka, madaktari wamemkatia tamaa. Kaipiga pakuri, leo anapasua kuni.

— Hata mimi nimemsikia huyo, — alisema Forodha. — Anateleza kwenye theluji, mbao zake miguuni, kama kijana.

Breki alivuta pumzi. Basi yupo. Kifua kikamlegea kidogo, na akashika kikombe ili akajiongezee kahawa.

Mama mmoja aliyekuwa meza ya jirani, hajavua hata koti, alimtangulia kusimama akaja mpaka kijiweni.

— Samahani jamani. Huyo mtu wa Kuhmo anaitwa nani?

Profesa alipangusa makombo ya andazi mezani.

— Jina… limenitoka. Ila ni maarufu sana, mama. Ukifika Kuhmo uliza yeyote.

— Natoka Kuhmo, — alisema yule mama. — Kule wameniambia ni mtu wa Sotkamo.

Hakusema kwa kuwasuta. Alieleza taratibu kwamba mumewe ana ugonjwa wa figo, amekataa kwenda kusafishwa damu kwa mashine hospitali, na anakunywa pakuri sufuria kwa sufuria kwa sababu ya huyo mtu.

— Miguu inazidi kuvimba. Ndiyo namtafuta, nimwulize yeye alikuwa anakunywa kiasi gani.

Forodha alimgeukia Profesa kwa jicho lile la mpakani, la kutazama pasi ya kughushi.

— Wewe ulimsikia wapi?

— Kwa shemeji.

— Na shemeji?

— Kwa mteja. Wa Kajaani, nadhani. Eeh, mama, mimi ningekuwa wewe ningejaribu Kajaani…

— Kajaani ndiko nilikoanzia.

Breki akaweka kikombe kitupu mezani.

— Mkono wangu leo asubuhi ulikufa, — alisema. — Na vidonge vya moyo nimeacha.

Forodha alikuwa ameshasimama, anavaa kofia.

— Twende kituo cha afya. Sasa hivi.

— Breki, — Profesa alisema, uso umempauka, — mimi sikukwambia uache vidonge.

— Hukuniambia. Leo nilikuja ili uniambie.

Mlangoni Forodha alimgeukia yule mama.

— Mumeo yuko wapi?

— Nyumbani, Kuhmo.

— Kambebe umpeleke hospitali, hata akikutukana. Huyo mtu achana naye.

Baadaye daktari alimweleza Breki kwamba kipande kidogo cha damu iliyoganda kilikuwa kimepita kichwani, na kwamba kingine kingeweza kukwama humo. Alimlaza siku kadhaa, akamrudishia vidonge vyake. Lakini hayo yalikuwa mbele. Saa ile Breki alikaa kwenye gari la Forodha, mkono mapajani, wakisubiri kuingia barabarani. Mbele yao gari la yule mama lilisimama njia panda, taa ya kukatia kona ikimetameta upande wa Kajaani. Lilikaa hapo muda mrefu. Forodha hakupiga honi. Kisha taa ile ikazimika, ikawaka ya upande wa pili, na gari likakata kuelekea Kuhmo.