Rafiki Mwenye Majibu Mawili

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa Kinyozi, na jioni ile lilikuwa limejaa. Refa alikaa katikati. Tangu aache kuchezesha mechi za mtaani, hakuna ubishi unaoisha bila yeye kutoa kadi. Kushoto alikaa Kinyozi, taulo begani. Kulia Wakili, muuza makufuli, ambaye mahakamani hajawahi kufika lakini kwa maneno humwezi. Na pembeni kabisa Fundi Rangi, chokaa hadi kwenye kope, akiizungusha kahawa yake bila kuinywa. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta pa kuanzia, na neno lilipomtoka, lilitoka limevaa nguo za mtu mwingine.

— Nina rafiki yangu mmoja, alisema. Kapima damu, malengelenge yale ya sehemu za siri. Maabara ya kwanza ikasema anayo. Ya pili ikasema hana. Sasa ashike lipi?

Benchi zima likajua rafiki ni nani. Benchi zima likatazama barabarani, kwa heshima.

— Hiyo sare, alisema Refa. Aende ya tatu, wapigiane penalti.

— Penalti kwenye damu ya mtu? Wakili alimaka. Kesi ikiwa na shaka, mshitakiwa anaachiwa. Mwambie yuko huru, nimesema mimi.

— Huru wapi! Kinyozi akadakia. Walimtoa damu mkono uleule?

— Wa kwanza wa kulia, wa pili wa kushoto.

— Basi! Ugonjwa umekaa kulia!

— Na ukihamia kushoto? Refa aliuliza.

— Upitie wapi, bwana, na moyo uko katikati unalinda?

Fundi Rangi akacheka, akajishangaa kwamba bado anajua kucheka.

— Daktari kamwambia kipimo hakimtafuti mdudu mwenyewe, alisema. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye. Namba yake ilikuwa ndogo, imegusa tu mstari unaotenganisha anayo na hana, na namba kama hiyo inaweza kudanganya. Arudi, kipo kipimo kingine cha kuhakikisha.

— Askari wameonekana, jambazi haonekani, alisema Wakili. Hao wamebaki tangu surua ya utotoni, hawajalipwa kiinua mgongo!

— Au ni askari wa jirani, wamepotea njia! Kinyozi akaongeza.

Walikuwa bado wanacheka mwanamke aliposimama mbele yao na mfuko mzito wa viazi. Alikuwa mke wa Fundi Rangi.

— Karibu, shemeji, Refa alisema, akinyanyuka haraka mno.

— Asanteni, shemeji zangu. Nimewasikia tangu kule. Huyo rafiki yenu, mkewe anasemaje?

Refa akatazama viatu vyake. Wakili akaanza kukagua kufuli. Kinyozi akakumbuka ana mteja, na ndani hakukuwa na mtu.

— Hajamwambia, Fundi Rangi alisema hatimaye. Anaogopa ataonekana katoka nje ya ndoa.

— Katoka?

— Hajatoka. Haki ya Mungu, hajatoka.

Mwanamke akamsogezea mkono mmoja wa mfuko. Fundi Rangi akaushika. Wakaondoka hivyo, mfuko ukining'inia kati yao, na kabla hawajafika kona benchi likamsikia Fundi Rangi:

— Mke wangu, ni mimi.

— Najua. Inua upande wako, viazi vinaburuzika.