Injini ya Odera na Mafuta ya Pamba: Risala ya Wavuvi wa Mwalo wa Nyakasenge

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Mradi wa Dizeli ya Mimea, wazee wetu shikamooni, na nyote mliosimama juani.

KARIBU
Tunakushukuru kwa kufika mwenyewe hapa mwaloni, boti zetu zinapoegeshwa. Tangu mradi uanze tunakusikia redioni tu, ukitueleza jinsi tunavyofaidika.

TULIKOTOKA
Zamani tulitumia dizeli ya kawaida. Ina moshi, inanuka, na tangu soko huria liingie bei yake haikai. Lakini ukiwasha, inawaka. Ndipo ukatuletea mafuta ya mbegu za pamba, ukasema injini haibagui.

MAFANIKIO
Hatuna choyo. Mapipa ya kwanza, yaliyotiwa dawa na kuchujwa, yalikuwa mazuri. Moshi ulipungua, injini ikanguruma kwa upole, mwalo mzima ukanukia maandazi. Boti zilikunywa zaidi kidogo, tukavumilia. Mafanikio mengine bado tunayatafuta.

MATATIZO
Dawa ilipoisha, mradi ukaleta mafuta mabichi, mazito kama uji uliopoa. Mwenzetu Odera akamwuliza mtaalamu wako, "Bwana mkubwa, haya si ya kukaangia?" Akajibiwa, "Wewe vua samaki, kemia tuachie."

Odera akaenda kuvua. Sisi tukifika penye nyavu huzima injini, samaki hawategwi kwa kelele. Mtaalamu aliipima yake mjini, ikiwaka kutwa bila kuzimwa. Ya Odera ilipozimwa ikapoa, mafuta yakaganda kwenye nozeli inayoyanyunyiza, ikagoma katikati ya ziwa. Tulimkuta anasukumwa na upepo. Mkewe Akumu, tuliyekuwa naye, akamwuliza, "Baba Faith, umerogwa?"

"Hapana," akasema. "Nimeendelezwa."

Sasa mradi umeichukua injini, eti ameiharibu kwa uzembe. Nyumba ile inakula kwa injini ile.

MAOMBI
Ni moja tu. Utamke leo, mbele ya watu hawa, kwamba kosa ni la mafuta, na injini ya Odera irudi ikiwa nzima.

Kama unaamini mafuta hayana tatizo, usihofu. Boti ya dizeli iliyokuleta imeshaondoka. Ya kukurudisha mjini Nyamagana tumeijaza mafuta yako mwenyewe. Nahodha ni Odera, na mkifika katikati ya ziwa atazima kidogo ili mzungumze.

Mungu akujalie safari njema, na uamuzi kabla ya kupanda.

Ni sisi, Wavuvi wa Mwalo wa Nyakasenge.
Msomaji: Tereza Chenge, Katibu.