Mgawa Anwani na Seva Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye kazini walimwita Mgawa Anwani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 katika zahanati ya mtaani kwetu, mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona sare za shule, akamaliza sekondari mwaka 1999, na tarehe 22 Novemba 2003 akapata stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi, ambako mwalimu wake alisema kijana huyu ana mkono mwepesi na mdomo mzito, na hakukosea.

Tarehe 5 Januari 2004 aliajiriwa katika kampuni ya kutunza kumbukumbu za wateja, chumba cha seva, ghorofa ya pili, akisimamia mtambo ambao seva mpya ikiwashwa huuomba anwani, hupewa, kisha hujisakinisha yenyewe, yaani hujiwekea programu upya, kupitia mtandao, na kwa kuwa usakinishaji hufuta kila kilichomo bila hata kupiga hodi, yeye aliandika kwenye mipangilio ya mtambo namba ya seva moja tu, ile ya kusakinishwa, akaisoma kwa sauti mara mbili, na kazi ikiisha akaiondoa palepale, miaka kumi na tano bila kuteleza.

Alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, tarehe 12 Agosti 2006, wakajaliwa kifungua mimba tarehe 3 Mei 2008, na kitinda mimba tarehe 14 Machi 2019, saa nane na nusu mchana, hospitali ya wazazi, na hiyo tarehe na hiyo saa naomba mzishike vizuri.

Kwa maana siku hiyohiyo, saa tisa na dakika kumi alasiri, marehemu akiwa wodini amempakata mwanawe, meneja wake, aliyekuwa na haraka ya kumringia mgeni kwa seva mpya, aliingia kwenye mipangilio, akaona uvivu kuandika namba, akachagua seva zote, akaenda zake bila kuondoa. Asubuhi yake umeme ulikatika, ukarudi, seva arobaini na moja zikaamka, zikaomba anwani, zikapewa, zikajifuta kwa utiifu, na kazi ya wateja ya wiki nzima ikaenda na maji. Tarehe 18 Machi kaka yetu, kwa kuwa mtambo ulikuwa mikononi mwake, alifukuzwa kwa uzembe, mbele ya wenzake, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2023, na mwezi mmoja kabla hajafariki mwenzake wa zamu, dada mmoja jasiri, alimletea kitandani orodha ya mabadiliko ya mtambo ule, yenye saa na jina la aliyebadilisha, kaka akaisoma, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, akaagiza isomwe siku hii, kwa kuwa meneja lazima atakuja, hakosi mahali pa kuonekana. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, saa kumi na mbili asubuhi, wodi namba nne.

Tunawashukuru madaktari, majirani, wafanyakazi wenzake, wakurugenzi wa kampuni, na zaidi meneja, yule pale safu ya tatu, shati jeupe, kwa kuwahi kufika. Orodha yenyewe ni ukurasa wa mwisho wa ratiba mliyopewa mlangoni, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, fungueni, someni kwa sauti mara mbili kama alivyofanya mwenyewe.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, yeye tumeshamnyima.