Mwanya wa Mwalimu Placide

Mwaka ule wa vita, wageni wa kulinda amani walitafuta wakalimani, na lori lilitutoa Baraka kwenda Nundu kwenye mtihani wa kusema Kiingereza. Mbele yangu Husna na Solange, waliojuana humo humo, walikuwa wakijipima.

“Bakikuuliza unapendaka nani, utajibu nini?” Solange aliuliza.

“Napendaka muntu mwenye mwanya mu meno, mwenye kukoholaka mbele ya kucheka. Mwalimu Placide alinifundisha ile jibu mi peke yangu.”

Solange akamgeukia. “Peke yako? Hata mi alinifundisha! Na ile mwanya iko yake mwenyewe!”

“Basi we ulipewa masalio yangu!”

Lori likasimama. Wakaruka pamoja, kila mmoja akitaka kuingia wa kwanza. Mimi nilishuka wa mwisho. Miezi yote ile ya masomo ya Kiingereza nilikuwa nikiukariri mwanya uleule, nikidhani ni wangu.