Karatasi za Fundi Mikasi

Marehemu dada yetu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi Mikasi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mkunga. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na dirisha moja pana, na tangu alipojua kukaa, dirisha hilo likawa lake. Alikaa pale asubuhi nzima akitazama watu wanavyopita, mkono shavuni, chai ikipoa pembeni. Baba akipita nyuma yake alisema polepole, "Huyu ameshasafiri tena. Msimwamshe."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Ripoti yake ya mwisho, ambayo tumeikuta kwenye sanduku lake, inasema: "Ana akili sana, ila hayupo." Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha ushonaji, na huko ndiko tulikojua alikuwa akisafiri kwenda wapi siku zote. Alikuwa anasafiri katika miili ya watu. Alimtazama mtu akivuka barabara, kisha akamkatia suruali bila kumgusa kwa futi, na ikamkaa.

Tarehe 3 Machi 1976 alifungua duka lake: chumba kimoja, cherehani mbili, na kiti kimoja kilichoelekea dirishani. Alishona makoti, suruali na magauni ya kazini, basi. Aliyeleta mapazia au sare za shule alielekezwa kwa fundi wa mtaa wa pili, tena kwa tabasamu. Kila mteja wake alikatiwa umbo lake kwenye gazeti kuukuu, jina likaandikwa kwa kalamu ya bluu, karatasi ikatundikwa darini kwa uzi. Mlango ukifunguliwa zote zilitikisika na kunong'ona. Mimi nilizoea kujilaza mchana kwenye benchi la dukani, nikasinzia chini ya mabega ya mji mzima.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye alikuja kuwekewa kifungo cha koti akarudi mara tisa na koti lile lile. Dada akamuuliza, "Hivi vifungo vyako vinakatikia wapi?" Akajibu, "Nyumbani." "Vinakatwa na nini?" "Na wembe." Waliishi pamoja kwa furaha miaka thelathini na sita, hadi shemeji alipotutangulia mwaka 2015.

Sasa nafika kwenye mwaka 1998, na naomba mnivumilie, kwa sababu wengi wenu mmeisikia habari hii kutoka kwangu na mmeisikia vibaya.

Mwaka ule, ng'ambo ya barabara lilijengwa duka la ghorofa mbili la nguo zilizoshonwa tayari. Mafundi watatu wa mtaa walikuwa wamekwisha kufunga. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha uongozi wa biashara, na mdomo wangu ulijaa mikakati na ushindani. Dada alipokwenda kwenye mahafali ya binti yake kwa siku nne, akaniachia ufunguo. Nikapaka kuta rangi nyeupe. Nikaweka rafu. Nikatazama dari, nikaona takataka inayoning'inia, nikazishusha karatasi zote na kumpa mzee muuza karanga. Miaka ishirini na miwili ya kazi, nikaigawa iwe vifungashio.

Dada alirudi mchana, begi bado mkononi. Akatazama juu.

"Karatasi zangu ziko wapi?"

"Nimempa mzee wa karanga, Dada. Tunaanza upya. Lazima tufanane na wale wa ng'ambo."

Alikaa kwenye kiti chake akatazama barabarani, na mara hii nilijua hakuwa safarini. Alikuwa analia. Jua lilihama kutoka kwenye cherehani ya kwanza hadi ya pili. Hatimaye akaniuliza, "Umekula?" Nikasema bado. Akasema, "Kale. Halafu uje na kipande cha ubao."

Kwenye ubao ule aliniandikisha maneno manne: Njoo tukupime upya, bure.

Wa kwanza kuingia alikuwa hakimu, mkononi karanga zilizofungwa kwa moja ya karatasi zetu. Akaikunjua karatasi kwenye meza. "Fundi, si jina langu hili?"

"Ni lako, mheshimiwa, na hilo ni bega lako. Lakini ni la miaka kumi iliyopita. Simama hapo."

Wakaja kumi, wakaja mia. Kila mtu alitaka kujua amekuwa nani tangu mara ya mwisho. Walisimama wakapimwa, wakasimulia kilichowanenepesha na kilichowakondesha, na Dada akakumbuka kila mmoja alivyokuwa. Wale wa ng'ambo waliweza kuiga bei na vitambaa. Hilo hawakuliweza, na baada ya miaka sita walihama.

Watu walipomuuliza nani alibuni mpango ule, alininyooshea mkasi mimi niliyesimama na rangi nyeupe nyweleni. "Muulizeni mdogo wangu. Ndiye msomi." Nikanyamaza. Mkuu wa chuo cha biashara akasikia, akaniita nikafundishe. Kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha vijana faida ya ushindani kwa mfano wa duka la dada yangu, nikijiita mbunifu wake. Wanafunzi wangu mliosimama pale nyuma, nisameheni. Mimi nilikuwa mtu wa rangi na rafu tu. Mpango ulikuwa wake, aliutengeneza kwa mchana mmoja kutokana na kosa langu, na kosa hilo hakulitaja kwa mtu hata siku moja.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kudhoofika. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Januari mwaka huu, akiwa amepelekewa kitanda karibu na dirisha, aliomba kitambaa cheusi akanikatia koti. Nilipolijaribu halikufunga, tumbo lilikataa. Nikamwambia, "Dada, macho yamechoka sasa, limekuwa dogo."

Akanitazama kwa muda mrefu, kama alivyowatazama wale wa barabarani. "Sikukukatia wewe wa leo," akasema. "Liweke."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Machi 2025, saa nne asubuhi, uso ukiwa umeelekea dirishani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha binti wawili, wajukuu watano, mafundi sita aliowafunza, karatasi mia nne na kumi na mbili zilizotundikwa darini, ambazo hakuna atakayezigusa, na mdogo wake mmoja.

Ndugu waombolezaji, tangu Januari sijaweza kula vizuri. Koti nililovaa mbele yenu ndilo lile. Leo asubuhi nimelifunga vifungo vyote, na limenikaa.

Safiri salama, Dada. Pumzika kwa amani. Safari hii hatukuamshi.